Mtani na Mchezo wa Ndoo

Mimi si mwepesi wa kumwamini mtu, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Nina stesheneri Masasi mjini, hatua chache kutoka stendi, na kazi ya kudurufu karatasi za watu ni shule tosha. Nimeletewa vyeti vya kuzaliwa vilivyokwanguliwa kwa wembe. Nimeletewa barua yenye mhuri wa kijiji ambacho hakipo. Kuna bwana mmoja alikuja analia, anataka nimchapie ombi la ruhusa akamzike mama yake, na jioni ile ile nikamkuta huyo mama sokoni anachagua dagaa. Tangu hapo mtu akiniletea neno, namtazama kwanza yeye, neno baadaye.

Kwa hiyo Mwalimu Yohana alipokuja kudurufu mitihani ya nusu muhula, akaninyooshea simu yake na kusema, "Mama Furaha, hebu ona mchezo unaowapumbaza wanafunzi wangu," nilimtazama usoni kwanza. Hakuwa na neno. Nikaipokea simu.

Ulikuwa mchezo wa kwenye kivinjari, ile michezo ambayo hupakui kitu; unafungua ukurasa, unacheza, hata simu yenye nafasi ndogo inakubali. Msichana ana ndoo ya maji kichwani, anapanda kutoka bondeni kwenda Newala. Unagusa kioo kushoto au kulia kumsaidia asiyumbe. Akikanyaga jiwe vibaya, maji yanamwagika. Akifika juu, unaonyeshwa yaliyobaki.

Nilimtambua yule msichana kabla hajapiga hatua ya pili. Kitenge chenye kiraka cha njano kiunoni, mkono mmoja juu ya ndoo, na mguu wa kushoto unaotupa vidole nje, kwa sababu nilipomchora nilikuwa sijui kuchora mguu wa kushoto. Picha kumi na mbili za hatua zake nilizichora mimi, kwa kipanya kibovu, na kosa langu la mguu lipo katika kila moja.

Chini ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja tu: Mtengenezaji ni Ziada, Newala.

"Ziada ni nani?" nikauliza.

"Simjui, lakini ana kichwa huyo," alisema Mwalimu Yohana. "Nasikia wale wanaoweka kompyuta kwenye maktaba za shule wameuchagua. Mwisho wa mwezi wanaupeleka shule zote, na jina lake mbele."

Mitihani yake nilimdurufia ukurasa wa tatu juu chini. Alirudi kesho yake kunilalamikia, na alikuwa na haki.

Michoro ile ilikuwa mikononi mwa watu wawili tu duniani: mimi na Khalfan. Yeye ni Mmakonde wa Newala, mimi Mmakua wa Lulindi, niliyelelewa kwa kengele ya kanisa. Tulikutana mwaka 2012 hapa Masasi, katika chumba cha intaneti ambako yeye alikuwa fundi na mimi nachapa barua za watu. Na kwa kuwa Wamakua na Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu, hatukuanza kwa salamu. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba kiti nilichokalia ni cha watu, si cha wala panya. Nikamjibu kwamba kwao watu huoga Idi hadi Idi kwa kukosa maji. Tukawa marafiki papo hapo.

Mchezo ulizaliwa na matusi hayo. Mama yake, Mama Khalfan, aliteka maji bondeni miaka thelathini kabla mabomba hayajafika mtaani kwao, na siku nilipokwenda kumsalimia alituonyesha shingo yake ilivyokaa upande. Khalfan akasema tuufanye mchezo. Au nilisema mimi. Kila mmoja anadai wazo ni lake. Mimi nilichora, yeye akaandika maelekezo ya kompyuta. Tuliutengeneza kwa Flash, programu iliyotumiwa na michezo karibu yote ya kivinjari enzi zile, na watoto wa Masasi walipanga foleni kuucheza pale intaneti, wanagombania kipanya. Sijawahi kufanya kitu kingine chochote ambacho watu wamekipangia foleni.

Kisha, mwisho wa mwaka 2020, vivinjari viliacha kuikubali Flash. Mchezo wetu ukabaki mraba mweusi katikati ya ukurasa. Nililia, nasema kweli. Tulikubaliana tuuandike upya kwa JavaScript, lugha ambayo kivinjari chenyewe kinaielewa, lakini mama yake akaanza kuugua, yeye akarudi Newala, na urafiki wetu ukabaki wa kutukanana kwenye simu. Mimi nilijifunza peke yangu dukani, kati ya mteja na mteja, miaka mitatu. Nilimfanya msichana atembee. Nilimwekea mlima. Maji ndiyo yaliyonishinda: ama yalilala ndani ya ndoo kama uji uliopoa, ama yaliruka yote kwa pamoja.

Katika huu mchezo wa Ziada maji yalikuwa hai. Msichana akisimama, yenyewe yaliendelea kwenda kidogo, yakagonga ukingo, yakarudi. Wizi uliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa mzuri.

Nilifunga duka mapema, nikafungua ukurasa ule kwenye kompyuta yangu na kukitaka kivinjari kinionyeshe maandishi yaliyo nyuma yake. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo. Mchezo wa kivinjari hauna mlango wa kufunga. Lakini yaliyokuwemo yalikuwa yamebanwa yakawa mstari mmoja mrefu usio na pumzi, na majina yote yamekatwa hadi herufi moja moja. Watengenezaji hufanya hivyo ili ukurasa uwe mwepesi, bando dogo litoshe. Najua, hata mimi hufanya. Siku ile niliona mtu anayefuta nyayo.

Nikampigia Khalfan.

"Mtani, Ziada ni nani?"

Akacheka, kicheko cha chini kama cha mtu aliye kanisani.

"Ziada ni mwanamke aliyekushinda kubeba ndoo."

"Nakuuliza kweli, Khalfan."

"Nami nakujibu kweli. Nyie Wamakua kazi ikiwashinda mnatafuta mchawi. Njoo Newala uchukue ndoo yako, mtani. Njoo na maji yako lakini, yetu hayatoshi." Akakata simu.

Hapo ndipo utani unapokuwa mgumu. Mtani anaweza kukutukana sokoni, kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, kuingia kwako akaondoka na kuku, na ukikasirika wewe ndiye unayeonekana hukulelewa. Ningemshtakia nani? Niende kwa mtendaji wa kata niseme Mmakonde kachukua kitu changu? Angecheka hadi akohoe, kisha angeuliza nimemfanyia nini kwanza. Nikaona Khalfan kajichagulia pa kujificha, na pamefunikwa vizuri.

Nikaanza kuokota habari. Dereva mmoja wa bodaboda wa Newala aliyekuja kupiga picha za leseni aliniambia kamwona Khalfan mara mbili na dada mmoja mrefu, mweupe kiasi, wanaingia kwenye bajaji. Nikajua ndiye. Jioni nikimpigia simu hapokei, asubuhi ananijibu kwa tusi moja la haraka. Nikajua yuko naye. Picha ya shamba la mikorosho aliyokuwa ameiweka kwenye wasifu wake miaka yote aliiondoa, akabakiza weupe mtupu. Hilo nalo nililiweka kwenye faili. Kichwani mwangu yule Ziada alikuwa na miaka ishirini na mitano, ametoka chuo fulani Dar, kucha ndefu, na Khalfan amempa msichana wangu mwenye kiraka cha njano kama watu wanavyowapa wachumba saa za mkononi.

Niliwaandikia wenye tovuti iliyouweka ule mchezo. Walijibu kwa heshima: tuma ushahidi kwamba michoro ni yako. Ushahidi! Kompyuta za chumba kile cha intaneti ziliuzwa kama vyuma chakavu. Diski yangu ndogo iliingia maji mwaka wa mafuriko. Michoro ya asili, yenye tarehe zake, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta mpakato ya Khalfan, nyeusi, iliyopasuka kona, aliyoibeba kila mahali tangu ujana wake.

Nilitaka jina langu. Sikutaka kingine. Furaha, binti yangu, anasoma sekondari, na maktaba ya shule yao imo kati ya hizo zitakazopelekewa mchezo; nilimwona kichwani mwangu akiufungua, akisoma mtengenezaji ni Ziada, na mimi nimwambie nini? Kwamba aliyechora ni mama yako, ila amini tu?

Wiki mbili baadaye, alfajiri, ukaja ujumbe: Mama ametutoka. Tunazika leo baada ya adhuhuri.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa Mama Khalfan. Nilikumbuka kwamba msibani mtani ana haki ya kuchukua kitu.

Wageni wa kwetu huwa hawaelewi. Mtu akifa, watani wake ndio wachangamsha msiba. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza, wanalala mlangoni jeneza lisipite, wanabeba sufuria au redio ya nyumba, na wafiwa hawawezi kununa. Kitu kinakombolewa siku ya tatu kwa jogoo au kwa chochote, watu wanacheka, na kicheko hicho ndicho kinachowavusha. Nilipanda gari la kwanza la Newala. Hadi tunapita Chiungutwa nilikuwa nimekwisha panga maneno yangu yote.

Msiba ulikuwa umejaa. Watani wa Kimakua walikuwa wachache, wakiongozwa na Mzee Nikolao, mtu wa Lulindi aliyeoa Newala zamani, amevaa sufuria kichwani na kudai posho ya kulia. Alinipokea kwa furaha. Nikaomba khanga ya marehemu, nikajifunga, nikajitwika ndoo tupu, nikaipinda shingo upande kama yeye, na kuingia uani nikichechemea.

"Nani kamaliza maji yangu?" nikapaza sauti yake. "Nimetoka bondeni na jua hili, nani kanawa miguu kwa maji yangu?"

Wanawake walipiga kelele. Mmoja alisema wallahi ni yeye mwenyewe, akaangua kilio na kicheko kwa mpigo, akanikumbatia na ndoo yangu. Nilikuwa nimeigiza vizuri kupita wote. Nilijua ninavyofanya vizuri, na macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha Khalfan.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, karibu na chupa za dawa. Niliichukua, nikatoka nayo, nikakaa kizingitini wakati jeneza linataka kutoka.

"Halipiti," nikasema. "Wamakonde mmetuzoea. Huyu mama kala mihogo yetu ya Masasi miaka yote, leo mnataka kumtoa bure?"

Watu wakashangilia. Khalfan alikuwa mbele ya jeneza. Alikuwa amekonda hata nikashtuka.

"Unataka nini, mtani?"

"Nimeshapata." Nikaiinua kompyuta wote waione. "Mtaikomboa siku ya tatu. Jogoo, na awe mnene, si hawa wenu wanaokunywa umande."

Walicheka mpaka waliobeba jeneza wakayumba. Khalfan hakucheka. Alinitazama, akaitazama kompyuta, akarudi chumbani, na alipotoka aliniwekea waya wa chaji mapajani.

"Betri yake imekufa," akasema. "Haiwaki bila huo."

Nilitafuta woga usoni mwake, ule woga wa mtu aliyekamatwa na cheti cha kughushi. Niliona usingizi tu, wa wiki nyingi. Nikajiambia kwamba anajua kuigiza kuliko mimi. Nikawapisha.

Uani walilitua jeneza kidogo, na mjomba wake Khalfan akasimama kusema yale yasemwayo kabla ya kwenda makaburini. Alishukuru watu. Kisha akasema, "Na kama kuna mwenye dai lolote kwa marehemu Ziada binti Selemani, asinyamaze nalo. Aje kwetu sisi familia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia mama aliyekaa karibu yangu. "Kamtaja nani?"

"Marehemu. Ziada binti Selemani." Alinishangaa. "Kwani wewe ulikuwa hulijui jina lake?"

Sikulijua. Nimekula kwake miaka kumi na miwili. Shikamoo Mama Khalfan, marahaba Mama Furaha, basi. Nani humuuliza mtu mzima jina lake? Kwetu mwanamke akizaa mtoto wa kwanza jina lake hukunjwa na kuwekwa kabatini, na hata jirani aliyempikia uji wa uzazi huweza kulisahau. Nimeitwa Mama Furaha muda mrefu kiasi kwamba mteja akiniita Priska nadhani ni mtu wa benki. Na sikuwahi kufikiri kwamba yule mama naye ana lake.

Wanaume waliondoka na jeneza. Mimi nilibaki kizingitini na khanga yake mwilini na kompyuta ya mwanawe mapajani, na wanawake wakinipigapiga bega kwa kazi nzuri.

Msidhani shaka iliniisha. Mtu wa aina yangu haponi hivyo. Nilipofika kwa Mzee Nikolao, ambako nilipewa chumba, nilikuwa nimeshalipangia jambo hili maelezo mapya: Khalfan kajificha nyuma ya jina la mama yake kusudi nisiweze kulalamika, maana nani atamshtaki mgonjwa? Nikachomeka waya. Kompyuta haikuwa na neno la siri. Hilo nalo nililishuku.

Folda ilikuwa pale mbele, imeandikwa Ndoo. Ndani yake mlikuwa na michoro yangu yote na tarehe zake za mwaka 2012, ushahidi kamili kama nilivyoutaka. Kulikuwa na maandishi ya mchezo wenyewe, hayajabanwa, yamepangwa vizuri kwa mistari. Na kulikuwa na sauti zilizorekodiwa, zaidi ya arobaini. Nikafungua moja.

"Siyo hivyo, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mama Khalfan, imechoka, ya mtu aliyelala chali. "Unanimwagia. Nikikanyaga jiwe, mimi naenda mbele, maji yanabaki. Halafu ndiyo yananifuata. Ngoja yanifuate."

Vidole vikabofya bofya. "Hivi?"

"Bado yana haraka hayo. Maji hayana haraka, mwenye haraka ni mbebaji."

Nikafungua nyingine. Alikuwa anaeleza kona ya njia ambapo shingo huuma, na kwa nini pale mtu hulegeza goti la kulia. Nyingine anacheka kwa sababu msichana ameanguka. Nyingine anamwita nesi, dada mrefu wa zahanati aliyekuwa akija kumchoma sindano, aje naye ajaribu. Kila nilichoshindwa kwa miaka mitatu, yule mama alikuwa amekisema kitandani, jiwe kwa jiwe, na mwanawe amekiandika. Nililisikiliza lile goti la kulia mara nne. Mimi nilikuwa nikitafuta hesabu ya maji, kumbe ilikuwa ndani ya mwili wake. Na mchana ule nilikuwa nimeuiga mwili huo ili nipate kuiba.

Katikati ya maandishi ya mchezo, mahali ambapo mtengenezaji hujiandikia vikumbusho ambavyo kompyuta haivisomi, Khalfan alikuwa ameandika: Michoro ni ya mtani. Sijamwomba. Akisema hapana, Mama atakufa hajauona. Chini yake, kwa tarehe ya baadaye: Mama kauona leo. Kasoma jina lake mwenyewe mara tatu. Sasa nimwambie mtani. Tarehe hiyo ilikuwa wiki mbili kabla sijampigia simu.

Kwa hiyo aliniibia. Nataka hilo lieleweke, maana sikuwa mwehu. Alijua ni vyangu, alijua haombi, akachukua. Nilikuwa na ushahidi wa kumtia aibu mbele ya wenye tovuti na watu wa maktaba. Niliunakili kwenye diski niliyokuja nayo. Kisha nikaufuta. Kisha nikaunakili tena. Siku mbili nilizokaa Newala ndivyo nilivyozitumia, na Mzee Nikolao alidhani ninamlilia marehemu.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, tulikaa uani. Khalfan akaja na jogoo, mnene kweli. Watani tukakaa upande mmoja, wafiwa upande wa pili, na Mzee Nikolao akasimama kuendesha shughuli.

"Nimezika na Wamakonde miaka arobaini," akasema, "lakini mtani kama huyu binti sijamwona. Katoka Masasi kwa nauli yake, kaja kuwafuta machozi. Huo ndio utani. Vijana, tazameni hapa mjifunze." Watu wakanipigia makofi. Mama mmoja aliyekuwa na macho mekundu akanishika mkono, akaubusu.

Matusi nayaweza. Sifa zile zilinishinda. Nikasimama na kompyuta mikononi.

"Sikuichukua kwa utani," nikasema. "Nilikuja na kinyongo. Nilikuja kuchukua kitu changu kwenye msiba wa mama yenu, na kuwachekesha kwangu kulikuwa njia ya kufika chumbani."

Mtu anayekuja msibani na kinyongo kwetu ana jina lake, na si jina unalotaka kubaki nalo. Yule mama aliachia mkono wangu. Mzee Nikolao, aliyekuwa bado amesimama, aliketi. Niliona nimemwaibisha hata yeye.

Khalfan ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa nguvu, akampiga mjomba wake mgongoni.

"Mmewasikia Wamakua?" akasema. "Jogoo mmoja hawatosheki! Anataka wa pili, ndiyo maana anajifanya mwizi. Mleteeni jogoo wa pili huyu kabla hajasema amemuua Mama mwenyewe!"

Kicheko kilipasuka. Yule mama aliushika mkono wangu tena, akinisema kwa uongo wangu. Mzee Nikolao akaapa kwamba kidogo anitoe mbio. Nami nikacheka, ningefanyaje, nikacheka huku machozi yananitoka, na kila mtu akaona ni sehemu ya mchezo. Mahali pale pale nilipokuwa nimemchukia Khalfan kwa kujificha, alinivuta ndani na kunifunika.

Nilimkabidhi kompyuta yake kwa mikono miwili. Alinifuata hadi nje ya uzio nilipokwenda kuchukua mkoba wangu. Kicheko kilikuwa kimemwishia usoni.

"Ningekuambia," alisema. "Uliponipigia nilikuwa nimemshika mkono, anahema. Nikashindwa kuanza. Nilikukosea na nitalirekebisha."

"Nami nimekukosea."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja tusi. Miaka kumi na miwili hajawahi kuniacha niondoke bila tusi.

"Umeniumiza, Priska," alisema.

Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kinywani mwake. Alirudi ndani kwa wageni wake, nami nikaenda stendi na majogoo wawili wamefungwa miguu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Yohana alikuja dukani mbio kunipongeza. Nilifungua ukurasa mwenyewe. Jina langu lilikuwepo, chini ya la Ziada binti Selemani, herufi za ukubwa ule ule, na la Khalfan lenyewe halikuwepo popote. Furaha alilipiga picha akawatumia wenzake wote. Nilipata nilichokitaka.

Jioni ile ujumbe wa Khalfan ukaingia. Aliandika: Habari za kazi, Mama Furaha. Jina lako limeongezwa, na watu wa maktaba wameshaarifiwa. Tafadhali hakiki kama limeandikwa sawasawa. Ahsante sana kwa ushirikiano wako.

Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikausoma tena neno moja moja, kama ninavyokagua cheti nisichokiamini. Nilitafuta tusi ndani yake, hata dogo. Halikuwemo.